Iogope zaidi roketi iliyokataa kuruka

Swali

Maalim, assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Wete, Pemba. Klabu yetu ya sayansi ina wanafunzi 32 na tumekubaliana kufanya siku ya kurusha roketi ndogo katika uwanja wa mpira wa skuli. Kaka yangu anaishi Uingereza, ameahidi kuja na roketi za dukani na injini zake akija likizo. Kijana mmoja anasema tusimsubiri, yeye ameona kwenye simu namna ya kuchanganya baruti. Wazazi nao wameshaanza kuuliza maswali. Nijitayarishe vipi siku hiyo ipite salama? Na tunaye mgeni rasmi ambaye tungependa ndiye arushe roketi ya kwanza. Inafaa?

Jibu

Waalaykum salaam, mwalimu. Nianze na huyo kijana, maana ndiye atakayekunyima usingizi. Usimfukuze klabuni. Mpe kazi nzito, kama kusimamia geji ya presha, na umwambie mbele ya wenzake kwamba baruti haichanganywi, si jikoni, si maabara, si hata kiasi cha kijiko cha chai. Mchezo huu wa roketi ndogo wenyewe ulizaliwa kwa sababu hiyo. Katika miaka ya 1950, vijana wengi wa Marekani walijifungia kwenye mabanda wakachanganya dawa zao, na baadhi yao wakatoka bila vidole. Mhandisi mmoja wa kiwanja cha majaribio ya makombora, G. Harry Stine, aliandika makala kuonya juu ya jambo hilo. Akapata barua kutoka kwa Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk, Nebraska, ambaye pamoja na ndugu yake walikuwa wamekwisha kutengeneza roketi ya karatasi inayotumia injini iliyofungwa tayari, ya kutumika mara moja na kutupwa. Anayerusha hagusi baruti kabisa, anaunda chombo tu. Hilo ndilo wazo lote la mchezo huu. Kijana wako akilivunja, amerudi kule kwenye banda.

Kaka yako mpigie simu leo, kabla hajafungua pochi. Injini zile ni vitu vya mlipuko. Haziruhusiwi kwenye begi la mkononi wala la chini ya ndege, na kuziingiza nchini ni suala la vibali vya vyombo vya ulinzi, si la mzigo wa likizo. Mwambie alete miwani ya kukinga macho, geji nzuri ya presha na pengine vifaa vya roketi bila injini. Hivyo havitamtia matatani na vyote utavitumia.

Utabaki na roketi ya maji. Usione umeshushwa daraja. Chupa ya soda ya plastiki ya lita moja na nusu, theluthi yake maji, juu yake hewa iliyoshindiliwa kwa pampu ya baskeli, inaondoka na kasi inayozidi kilomita 70 kwa saa na kupanda mita 30 na zaidi. Sheria ya tatu ya Newton haijali kama kinachotoka nyuma ni moshi au maji. Nakwambia pia kwa siri ya wazi: mimi mwenyewe naipenda zaidi, kwa sababu Pemba ni kisiwa cha makuti na majamvi ya karafuu. Roketi ya baruti hushuka na sehemu yenye joto, na mwezi wa mavuno, karafuu zikiwa zimeanikwa kila penye jua, sitaki kuwa mimi niliyeleta cheche.

Lakini maji yasikudanganye. Roketi ya maji haichomi, ila inagonga. Chupa iliyopanda mita 40 na kuanguka bila mwavuli wa kushukia ingefika chini, kama hewa isingeizuia, kwa mita 28 kwa sekunde, yaani kama kilomita 100 kwa saa. Hewa huipunguza, ila si kiasi cha kumfurahisha aliyesimama chini yake. Na chupa yenyewe, kabla haijaruka, ni chombo chenye nguvu iliyofungiwa.

Tuanze na chupa basi, kwa sababu hapo ndipo kazi ya wiki nzima kabla ya siku yenyewe. Chukua za soda tu. Za maji ya kunywa ni nyembamba, hazikutengenezwa kubeba gesi. Za kioo usiziruhusu hata ziingie uwanjani. Bado zipo nyingi madukani na mtoto atakuletea moja kwa nia njema. Wala usikubali fundi akuundie tangi la hewa kwa bomba gumu la maji, kwa sababu likipasuka kwa hewa hurusha vipande vikali kama vya kioo. Chupa zisikwaruzwe kwa msasa, zisibandikwe kwa gundi ya moto, zisiachwe juani wala ndani ya gari. Plastiki ile hulegea kwa joto, na chupa iliyolegea huwezi kuijua kwa macho. Ukiona mstari mweupe mahali ilipokunjika, itupe. Mimi kila chupa naiandika namba kwa kalamu ya wino mzito na kuhesabu mara ilizoruka, zikifika kumi naistaafisha hata kama inaonekana nzima.

Kisha zijaribu zote, kwa maji. Jaza chupa maji mpaka juu kabisa, pasibaki hewa, ifunge kwenye kirushio chako, ifunike gunia, halafu pampu mpaka paundi 80. Subiri dakika nzima. Kwa nini maji? Kwa sababu maji hayashindiliki, hayahifadhi nguvu. Chupa iliyojaa maji ikipasuka hutoa mlio mdogo na kulowesha gunia. Iliyojaa hewa ikipasuka ni kama tairi la lori. Wanafunzi wako wakilielewa hili, umeshawafundisha somo kubwa kuliko kuruka kwenyewe. Siku ya kurusha msizidi paundi 60. Hiyo ni mara mbili ya tairi la gari dogo, inatosha, na atakayesema "ongeza kidogo, mwalimu" umkumbushe kwamba mmejaribu 80 ili mrushe 60.

Roketi yenyewe iwe na pua laini: sponji, au mpira wa tenisi uliokatwa nusu. Isiwe bati, isiwe kijiti kilichochongwa. Mapezi yawe ya boksi gumu au plastiki ya ndoo. Kabla ya kuiruhusu iruke, ifunge uzi pale inapolingana ukiipakata juu ya kidole, ikiwa kavu, halafu izungushe kichwani taratibu. Ikienda pua mbele, ni tulivu. Ikiyumba au kwenda mkia mbele, ongeza uzito puani au ukubwa wa mapezi. Uzito lazima uwe mbele ya pale hewa inaposukuma, kwa umbali usiopungua upana wa roketi yenyewe. Roketi inayokosa hilo ndiyo ile inayotoka vizuri, ikageuka angani na kuwafuata watazamaji.

Mwavuli wa kushukia: Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na sitaki uwatume watoto kuitafuta. Chukua mwavuli wa mvua uliovunjika mbavu, ambao kila nyumba unao nyuma ya mlango, ukate kitambaa chake. Ni chepesi, hakishiki maji, na kina rangi ya kuonekana juu ya mikarafuu.

Sasa kirushio, na hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokaribia kuumia. Ilikuwa Unguja, katika uwanja wa skuli moja, miaka kadhaa iliyopita. Tulipampu, tukahesabu, kijana akavuta kamba, na roketi haikwenda. Kishikio kilikuwa kimebana. Watoto mia moja walikuwa wananitazama, kimya, na ule ukimya una aibu yake. Nikatembea mpaka pale na kuitikisa kwa mkono. Iliondoka na kofia yangu ya viua. Ilipita karibu sana na sikio hivi kwamba mpaka leo nikiinama kwenye kirushio nausikia mvumo wake. Watoto walicheka sana. Mimi sikulala.

Tangu siku hiyo nasema: roketi inayoruka ina hatari zake, lakini iliyokataa kuruka ndiyo inayokuita uje karibu. Maandalizi yako yapime kwa swali moja: ikikataa, nitaitoa hewa vipi bila kuisogelea? Jibu ni rahisi na ni la fundi. Vali ya tairi, ile inayoruhusu hewa kuingia na kuizuia kurudi, iweke upande wa pampu, si upande wa chupa. Wengi huiweka chini ya chupa kwa sababu ndivyo inavyoonekana kwenye picha. Ikikaa upande wa pampu, mpira wote na chupa vinakuwa chumba kimoja: geji iliyo mkononi mwako inasoma presha ya chupa yenyewe, na koki ndogo ya kutolea hewa ukiiweka hapohapo kwenye pampu, unaifungua na chupa inapumua yenyewe kutoka mbali. Mpira uwe wa kompresa, wanao gereji, urefu wa mita 8 au zaidi. Ule mwepesi wa kumwagilia maua utavimba. Ndani ya chupa, bomba la kupitishia hewa lipande juu ya usawa wa maji, usije ukafungua koki ukatoa maji badala ya hewa. Kirushio kipigiliwe chini kwa vigingi, kamba ya kuvutia iwe ya mita 10.

Ikikataa: hakuna anayekwenda. Fungua koki, subiri geji isome sifuri, hesabu dakika moja, ndipo mtu mmoja, mwenye miwani, asogee kutoka ubavuni, asiinamishe kichwa juu yake. Wenye roketi za injini wana kanuni ya namna hiyohiyo. Wao huwasha kwa umeme, kutoka mita 5 kwa injini mpaka daraja la D na mita 9 kwa zile kubwa zaidi, na swichi yao ina ufunguo. Isipowaka, ufunguo unatolewa kwanza, zinapita sekunde 60, halafu ndipo mtu anasogea. Kwa hiyo usidhani nakuonea.

Kwa kuwa nimetaja madaraja, nikueleze kidogo, siku moja huenda ukazipata kwa njia halali. Herufi ni jumla ya msukumo, na kila herufi inaruhusu mara mbili ya iliyotangulia: A inaishia newton-sekunde 2.5, B inaishia 5, C inaishia 10. Ukisoma C6-5, maana yake ni daraja C, msukumo wa wastani newton 6, na sekunde 5 za kusubiri kabla mwavuli haujasukumwa nje. Kanuni ya chama cha roketi ndogo cha Marekani inataka uwanja ambao upande wake mfupi ni kama mita 60 kwa B na 120 kwa C. Uwanja wa mpira wa kawaida ni kama 105 kwa 68. Yaani hapo kwenu B ingeingia kwa tabu na C isingeingia kabisa, hata ungekuwa na vibali vyote vya dunia. Uwanja ndio unaochagua roketi.

Roketi yako ya maji itaingia, ila kwa kuangalia upepo. Piga hesabu na wanafunzi: mwavuli unaoshuka mita 4 kwa sekunde kutoka mita 40 unakaa angani sekunde 10. Upepo wa kilomita 20 kwa saa utausogeza kama mita 55. Ukirusha katikati ya uwanja, umeshatoka nje na kuingia kwenye minazi. Kanuni ya Marekani inavumilia mpaka kilomita 32 kwa saa. Wao wana mbuga. Mimi huishia 20. Huhitaji kipimo. Chomeka bendera nyepesi: ikinyooka, uko karibu na mpaka. Vumbi na karatasi zikianza kupaa, funga duka.

Kwa hiyo usipange mwezi wa Julai au Agosti, kusi likiwa limekaza, na masika utaloweshwa. Tafuta siku za maleleji, pepo zinapobadilishana, au kaskazi ikiwa si kali, na uanze mapema: saa moja asubuhi watu wawepo, saa tatu mmemaliza, kabla upepo wa bahari haujaamka. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa utazame jana yake na asubuhi yenyewe. Kuna watakaokushauri uende pwani maji yakipwa, kwa kuwa kuna nafasi. Ni kweli ipo, lakini siku za bamvua maji hukupwa kabisa karibu na saa nne, upepo umeshaamka, na kina mama wa mwani wapo kazini mwao wameinama. Kaa uwanjani.

Watazamaji waweke wapi? Wengi huwaweka nyuma, upepo unakotoka, wakidhani roketi itakwenda mbele na upepo. Ni nusu ya ukweli. Ikipanda, mapezi hushikwa na upepo na pua hugeukia upepo unakotoka. Mwavuli ukikataa kufunguka, itaanguka upande huo huo. Ukifunguka, itakwenda upande wa pili. Pande zote mbili si salama, basi watu wakae ubavuni. Na kwa kuwa pepo zetu kubwa hutoka ama kaskazini ama kusini, ubavu mmoja ni mashariki: waweke huko, mita 20 nyuma ya mstari wa chaki, jua la asubuhi likiwa mgongoni, wasirushe macho juu wakapofushwa. Wote wasimame, wasikae chini. Aliyekaa hawezi kukwepa.

Karibu na Malindi, Kenya, Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco ndani ya bahari, na tarehe 12 Desemba 1970 roketi kutoka pale ilipandisha satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Waambie wanafunzi wako. Ni mwambao wetu huu huu. Walikaa karibu na ikweta kwa faida ya mzunguko wa dunia, lakini pia mbele yao kuelekea mashariki ni maji matupu, hakuna paa la mtu. Na wewe tafuta "mashariki" yako: upande ambao roketi ikiharibika itaangukia patupu.

Kwa ruhusa, anza na sheha wako, kwa maandishi, naye atakuelekeza polisi na wilaya. Wete si jirani ya uwanja wa ndege wa Chake Chake, lakini barua ya taarifa kwa watu wa usafiri wa anga haiumi, na ndege yoyote ikisikika, hata kwa mbali, hesabu inasimama. Wazazi waandikie karatasi moja inayosema nini kitarushwa, saa ngapi, na kwamba hakuna moto. Neno "roketi" peke yake linatisha, hasa kwa bibi aliyelisikia kwenye taarifa ya habari. Siku yenyewe uwe na kisanduku cha huduma ya kwanza na gari linalojulikana ni la nani na ufunguo uko kwa nani.

Watoto wa mtaa watakuja bila kualikwa, usipoteze muda kuwafukuza. Weka wanafunzi wanne wakubwa kwenye kamba, wawe askari wako. Filimbi iwe moja, iwe shingoni mwa mtu mmoja, na huyo asiwe na roketi yake siku hiyo. Aliye na roketi ana haraka. Hesabu ya tano hadi moja isomwe kwa sauti kubwa. Ikianguka vibaya, neno ni moja, "Juu!", na kila mtu anaitazama, hakimbii ovyo. Hakuna kuidaka, na hili lirudie mpaka wakuchoke, kwa sababu kudaka ndiko kunakowavutia wote. Ikinasa kwenye mnazi, imenasa. Hakuna kupanda, hakuna kuirushia mawe. Ikinasa kwenye waya wa umeme, hiyo si yenu tena, wapigieni Shirika la Umeme.

Kuhusu mgeni rasmi. Namheshimu, lakini upepo haumsubiri. Nimeona chupa zimejazwa presha huku mtu anasoma risala ya kurasa nne, na kila mara alipogeuza ukurasa nilikuwa natazama geji. Mpange aje saa moja na nusu, apokewe, avae miwani kama wengine, asimame kwenye alama ya mita 10 na avute kamba ya kwanza baada ya hesabu. Chupa ianze kupampiwa akiwa ameshaishika kamba, si kabla. Risala, zawadi na picha vifanyike baada ya saa tatu, kirushio kikiwa kimefunguliwa na koki imeachwa wazi. Na ile roketi yake iwe chupa yenye namba ambayo imekwisha kuruka mara mbili au tatu mbele yako. Mpya kabisa usimpe mgeni.